Mpaka wa Bahari: Somo juu ya Utaratibu wa Mungu katika Uumbaji

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 1:1 hadi 2:3, Ayubu 38:1-11, Zaburi 104, Marko 4:35-41, Luka 13:1-5, Wakolosai 1:15-20.

Somo letu la safari hii twalianzia ufukoni. Ninyi mkaao bara mtuvumilie kidogo, maana hata ninyi mwala samaki wa pwani, na mwezi unaoivuta bahari ndio huo huo uwaangaziao shambani.

Mtazameni mama aendaye kuchokoa pweza. Hana saa mkononi. Amechukua mchokoo wake na kikapu, na anashuka pwani wakati maji yanapoanza kutoka. Anajua leo ni bamvua, kwa hiyo maji yatakwenda mbali, na miamba ambayo siku nyingine imefunikwa itaonekana. Anajua pia wakati wa kurudi, kabla maji hayajamzunguka. Mama huyu ameyaweka maisha yake juu ya jambo moja: kwamba bahari haisemi uongo. Jana ilitoka na ikarudi, na leo itafanya vivyo hivyo. Kama bahari ingetoka ipendavyo na kurudi ipendavyo, hakuna mtu ambaye angethubutu kuzitembelea zile jiwe za mbali.

Hilo ndilo tutakalojifunza: kwamba Mungu aliumba kwa utaratibu, na kwamba viumbe vyake vinaweza kutegemewa. Lakini hatutalipita lile swali gumu liwajialo watu wengi: Je, siku bahari ilipovuka mpaka wake, utaratibu huo ulikuwa wapi?

1. Tunayoyaona kwa macho

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda upatao siku moja. Tangu kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa sababu hiyo kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Yakijaa Jumatatu saa kumi alasiri, Jumanne yatajaa karibu na saa kumi na dakika hamsini. Wavuvi wetu walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya vitabu vya shule, na ndiyo maana huhesabu siku za mwezi wa mbinguni.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua. Unguja, tofauti ya maji makubwa na maji madogo wakati wa bamvua hufika kiasi cha meta 4. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na bahari husogea kidogo tu.

Sababu yake ilielezwa vema na Isaac Newton, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1687. Alionyesha kuwa nguvu ile ile iangushayo embe chini ya mti ndiyo iushikao mwezi katika njia yake, na mwezi nao huyavuta maji ya bahari. Jua pia huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi kwa kuwa liko mbali mno. Jua na mwezi zikisimama katika mstari mmoja na dunia, huvuta pamoja, na hapo ni bamvua. Zikivuta kwa njia panda, moja hupunguza kazi ya mwenziwe, na hapo ni maji mafu.

Basi tazameni, embe, mwezi na bahari zatii amri moja. Kitabu cha Hekima ya Sulemani, kimoja cha vile ambavyo Kanisa letu huvisoma kwa mafunzo ya mwenendo, chatuambia katika sura ya 11 kuwa Mungu alipanga vyote kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzani. Mwandishi wake hakujua hesabu za Newton, lakini alimjua Mpangaji.

2. Mwanzo sura ya kwanza yatufundisha nini?

Isomeni sura hiyo polepole, na mtaona kwamba imejengwa kama nyumba. Katika siku tatu za kwanza Mungu anatenga na kuandaa mahali. Katika siku tatu zifuatazo anapajaza. Siku ya kwanza nuru, na ya nne mianga ya kuishika nuru. Siku ya pili anga na maji, na ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, na ya sita wanyama na mwanadamu, ambao chakula chao ni mimea hiyo. Hakuna kiumbe aletwaye kabla ya kuandaliwa mahali pa kukaa. Hivyo ndivyo afanyavyo mzazi mwema, ambaye huandaa malazi kabla mtoto hajazaliwa.

Tena, angalieni jambo ambalo wengi hulipita. Jua na mwezi hazikutajwa kwa majina yao, bali zimeitwa mwanga mkubwa na mwanga mdogo. Kwa nini? Kwa sababu mataifa yaliyowazunguka Waisraeli waliabudu jua na mwezi. Mwandishi ni kama asemaye: Hivyo mvisujudiavyo ni taa tu, zimetundikwa na Mwenye nyumba.

Katika nchi ya Babeli palikuwa na hadithi nyingine ya kuumbwa kwa ulimwengu, ambayo mabamba yake ya udongo yalifukuliwa Ninawi katika karne ya 19. Hadithi hiyo yasema kwamba miungu ilipigana vita, mungu Marduku akamwua Tiamati, mama wa bahari, akampasua, akaifanya mbingu kwa nusu ya mzoga wake. Mtu aaminiye hivyo ataionaje dunia? Ataiona kuwa mzoga wa vita, na kila asubuhi ataogopa vita vitaanza tena. Lakini katika Biblia hakuna vita. Mungu ananena, nayo inakuwa. Bahari si adui yake. Ni kazi ya mikono yake, nayo ameiwekea mpaka.

Wengine hutuuliza kama siku zile sita zilikuwa za saa ishirini na nne. Swali hili si jipya, wala halikuletwa na wataalamu wa siku hizi. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliliandikia kwa kirefu. Aliona kwamba siku hizo si lazima ziwe kama siku zetu, maana jua lenyewe laonekana siku ya nne. Tena akawaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya nyota na viumbe, wasije wakaichekesha imani mbele ya watu wenye elimu. Onyo hilo la askofu wetu Mwafrika latufaa hata leo.

3. Sheria za viumbe na Mwenye sheria

Kijana mmoja arudipo likizo kutoka shuleni huweza kumwambia babu yake, "Babu, si Mungu atoaye maji, ni mwezi." Na babu huweza kukasirika akasema, "Elimu imekuharibu." Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wote wadhani kwamba Mungu na mwezi ni washindani wa kazi moja.

Ukiniona nikiandika barua, waweza kusema kalamu yaandika, na waweza kusema mimi naandika. Yote mawili ni kweli. Kalamu haikuninyang'anya kazi. Mtume Paulo awaandikia Wakolosai kwamba katika Kristo vitu vyote hushikana pamoja. Hasemi kuwa Kristo yumo katika vile tu tusivyovielewa. Mungu tunayemweka mahali pa ujinga wetu atapungua kila shule ijengwapo, lakini Mungu wa Biblia ni Mungu wa tunayoyajua na tusiyoyajua. Kwa hiyo mzazi Mkristo asiogope mwanawe akisoma sayansi kwa bidii.

4. Siku bahari ilipovuka mpaka

Hapa yatupasa kusema kweli. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, na Kanisa lilikuwa likimkumbuka Mtakatifu Stefano. Asubuhi ile nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra huko Indonesia. Wimbi likaondoka hapo kwa mwendo kama wa ndege, likaipita Bahari ya Hindi, na baada ya saa kadhaa likafika hata kwetu. Somalia, Kenya na Tanzania watu walikufa. Katika nchi zote waliokufa walizidi 220,000. Wengi walikuwa wavuvi na kina mama na watoto wa pwani, watu kama yule mama wa pweza, ambao walikuwa wameiamini bahari.

Katika kikundi chetu cha kusoma Biblia mzee mmoja aliuliza, "Ninyi mwasema Mungu ameiwekea bahari mpaka. Siku ile mpaka ulikuwa wapi?" Tulikaa kimya. Hatukuwa na jibu la kumaliza neno, wala leo hatunalo. Lakini tulipoendelea kusoma tuliona mambo matatu.

Kwanza, tusiseme kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko sisi. Bwana Yesu mwenyewe aliambiwa habari za watu waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakataa kabisa kusema kwamba dhambi yao ilizidi ya wengine wa Yerusalemu. Mtu asimamaye juu ya kaburi la mwenziwe na kutoa hukumu hamfuati Kristo.

Pili, tulijifunza kwamba hata tetemeko lina utaratibu wake. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa, na vipande hivyo vyasogea polepole mwaka hata mwaka. Visukumanapo kwa muda mrefu, mwisho huachia kwa ghafula. Mwendo huo huo ndio uinuao milima. Mito yetu huteremsha udongo baharini kila masika. Kama nchi isingekuwa na nguvu ya kuinuliwa tena, mvua za miaka mingi zingeisawazisha na bahari. Nguvu ituuayo siku moja ndiyo iliyotupa mahali pa kulima. Neno hili halifuti machozi ya mama aliyepoteza mtoto, wala asiambiwe hilo siku ya msiba. Siku ya msiba kaa naye, mpikie, lia naye.

Tatu, twawakumbuka watu wa kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu sana na mahali tetemeko lilipoanzia. Wimbi kama lile liliwahi kuwapiga mwaka 1907. Tangu hapo wazee waliwafundisha watoto, na watoto wakawafundisha wajukuu: nchi ikitetemeka sana na bahari ikijivuta nyuma, msiende kuokota samaki, kimbilieni milimani. Mwaka 2004 nchi ilipotetemeka, watu wakapanda milimani. Katika maelfu mengi ya wakazi wa kisiwa kile waliokufa walikuwa wachache sana, wanaohesabika kwa vidole. Kwingine watu wengi waliifuata bahari ilipojivuta, wakishangaa, wakapotea.

Ndugu, hapa pana fundisho. Kama bahari isingekuwa na desturi, wazee wa Simeulue wasingekuwa na la kufundisha. Dalili ya mwaka 1907 ilikuwa ndiyo dalili ya mwaka 2004. Utaratibu wa Mungu katika viumbe haukuzuia wimbi, lakini ulimpa mwanadamu njia ya kujua, na kujua kukaokoa watu. Ni wajibu wa upendo, basi, kuyajua mambo haya na kuyafundisha.

Hata hivyo twaungama pamoja na Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 8, kwamba viumbe vyote vyaugua hata sasa kama mwanamke mwenye utungu. Uumbaji ni mwema, lakini haujafika mwisho wake. Wanafunzi waliokuwa chomboni na Bwana hawakupewa hotuba juu ya dhoruba. Walipewa Bwana mwenyewe, aliyekuwa amelala katika chombo kile kile kilichokuwa kikijaa maji.

5. Utaratibu uliosingiziwa Mungu

Kuna jambo jingine la kutahadhari. Watu wenye nguvu hupenda kuuita mpango wao kuwa ni mpango wa Mungu. Mwaka 1848 Cecil Frances Alexander, mwanamke mcha Mungu wa Ireland, alitoa kitabu cha nyimbo za watoto. Wimbo wake mmoja wa kusifu uumbaji umependwa duniani kote. Lakini ulikuwa na ubeti mmoja uliofundisha kwamba Mungu ndiye aliyepanga tajiri awe katika ngome yake na maskini awe mlangoni. Vitabu vingi vya nyimbo vimeuacha ubeti huo, na vimefanya vema.

Kwetu Afrika ya Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Ukiingia katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, umesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule ujenzi wa kanisa ukaanza. Wako waliosema zamani kwamba utumwa ni desturi ya dunia, kwamba wengine waliumbwa kutawala na wengine kubeba pembe. Mwanzo sura ya kwanza yawakanusha, maana yasema kwamba mwanadamu, mume na mke, aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Haikusema kabila fulani wala tabaka fulani.

Basi mtu akikuambia kuwa jambo fulani ni utaratibu wa Mungu, lipime. Utaratibu wa Mungu huandaa mahali pa kila kiumbe kuishi. Mpango umnyimao mwenzio mahali pa kuishi ni kazi ya mwanadamu, na mwanadamu aweza kuubomoa.

6. Kazi tuliyopewa

Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima twakujua, kutunza twakusahau. Tazameni mikoko yetu. Katika matope ya chumvi, ambapo mti mwingine hufa, Mungu ameotesha mti uwezao kuishi humo. Mizizi yake huyapunguza nguvu mawimbi na kuushika udongo, na katikati ya mizizi hiyo samaki wachanga na kaa hupata mahali pa kujificha. Kwa karne nyingi boriti za Lamu na Rufiji zimejenga nyumba zetu na za ng'ambo, na si dhambi kukata boriti. Lakini akataye pote asiache mche amebomoa ukuta ambao Mungu aliujenga kati ya bahari na kijiji. Naye avuaye kwa baruti apata samaki wa leo, akiua matumbawe ambayo yalikuwa nyumba ya samaki wa wajukuu wake.

Ninyi wa bara mnajua mfano wenu: msitu uliochomwa kilimani, na chemchemi iliyokauka chini yake. Kisha twakutana kanisani kuomba mvua. Kuomba mvua ni vema, lakini tuombe tukiwa na miche mikononi.

7. Mwisho: mwezi wa Pasaka

Kanisa tangu zamani huiweka Pasaka Jumapili ifuatayo mwezi mpevu, ule uangukao tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo katika Juma Kuu mwezi huwa mpevu au karibu na kuwa mpevu. Na mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu huwa katika bamvua. Tena bamvua za miezi hiyo ni kubwa kuliko za nyakati nyingine nyingi. Safari ijayo, Alhamisi Kuu jioni, mtokapo kanisani baada ya altare kuvuliwa nguo zake, tazameni juu, kisha sikilizeni pwani. Mwezi ule ule ulimwangazia Bwana wetu bustanini Gethsemane, usiku alipochagua kutii. Bahari hutii kwa kuwa haiwezi kufanya vingine. Yeye alitii kwa kupenda, kwa ajili yetu, na katika utii huo uumbaji mpya ulianza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Taja kiumbe kimoja cha mahali petu ambacho maisha yetu hutegemea utaratibu wake. Je, tumewahi kumshukuru Mungu kwa hicho?

2. Mtu aliyefiwa akikuuliza, "Kwa nini Mungu aliruhusu?", utafanya nini? Ni maneno gani yafaa yasisemwe?

3. Wazee wetu walitufundisha dalili gani za mvua, upepo au bahari? Ni nani anayewafundisha watoto sasa?

4. Ni desturi gani katika kijiji chetu, au hata katika kanisa letu, ambayo huitwa mpango wa Mungu, kumbe ni mpango wa watu?

5. Mtaa wetu waweza kufanya nini mwaka huu katika kutunza chemchemi, mikoko au msitu ulio karibu nasi?

Sala

Ee Mwenyezi Mungu, uliyeziwekea bahari mipaka na mwezi majira yake: tupe akili ya kuzijua kazi zako, na unyenyekevu wa kuzitunza, uwafariji waliopoteza wapenzi wao katika maji na katika matetemeko, utuvunjie kila mpango wa udhalimu tulioubandika jina lako, na utushike katika Mwanao, ambaye ndani yake vyote hushikana, kwa yeye Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.